Vidonge Vyenye Ganda

Mama yangu alipoulizwa na daktari kama kuna dawa yoyote anayotumia nyumbani, aliniangalia kwanza mimi. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwani pa kitanda chake, bado nimevaa koti jeupe la dukani kwa kuwa nilitoka mbio na sikukumbuka kulivua. Nikageuza macho nikaangalia dripu. Nilihesabu matone yake kana kwamba kuna mtu aliyeniagiza. Ndipo nikamsikia mama akisema, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeishiwa damu, "Hapana, baba. Mimi situmii dawa."

Daktari akaandika. Mimi nikanyamaza.

Wanaonijua hapa Songea watashangaa, maana mimi si mtu wa kunyamaza. Nilizaliwa Mshangano, mtoto wa pili wa mkulima wa mahindi aliyefariki mapema. Nilimaliza darasa la saba nikiwa na alama nzuri na bila mtu wa kunipeleka mbele. Nikaenda Dar es Salaam, na hakuna aliyenishika mkono. Nilifagia ghala la dawa, nikapanga maboksi, nikasoma majina yaliyoandikwa kwenye maboksi hayo hadi nikayajua kuliko waliokuwa wakiyauza. Sekondari nilisoma jioni. Hesabu nilifeli, nikarudia, nikafaulu. Baadaye nikaingia chuo, nikatoka na stashahada ya famasia. Cheti hicho kipo ukutani katika duka langu la dawa, Mjimwema, ndani ya fremu ya kioo, na mteja akiingia anakutana nacho kabla hajaniona mimi. Nimekiweka pale makusudi.

Wengi wanaotoka kwetu hawarudi, au wanarudi wagonjwa, au wanarudi na maneno matupu. Mimi nilirudi na taaluma. Nilimjengea mama nyumba ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, bati la bluu linaloonekana tangu barabarani. Nilifungua duka langu bila mume na bila mjomba serikalini. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bila kuyajua hutaelewa ni kitu gani kilichonifunga mdomo pale kitandani.

Mama alikuwa na magoti. Amelima maisha yake yote ameinama, na alipofika umri wa kupumzika, magoti yakakataa hata kupumzika. Asubuhi alikuwa akiinuka kwa kushika ukuta. Kanisani alibaki amekaa wakati wenzake wamepiga magoti, na hilo lilimuumiza kuliko maumivu yenyewe. Nilimchagulia dawa mwenyewe. Nilimpa diklofenaki, mara mbili kwa siku. Lakini sikumpa zile za kawaida zinazouzwa hata kwenye vibanda vya sabuni na chumvi. Nilimpa zenye ganda gumu la kahawia, ganda lisiloyeyuka kwenye mfuko wa chakula, linalongoja mpaka kidonge kipite huko salama. Chuoni tulifundishwa kwamba dawa hizi za maumivu hutoboa tumbo. Kwa hiyo juu ya ganda nikamwongezea omeprazo kila asubuhi, ya kupunguza asidi. Nilijiona nimeufunga mlango, kisha nikaweka na komeo. Muuza dawa wa kawaida asingefikiria hivyo, na hilo nilimwambia mama.

Magoti yakatulia. Mama akaanza kupiga magoti kanisani, akarudi shambani, akawa anakwenda kwenye sala za jumuiya kwa miguu wakati wenziwe wanasubiri pikipiki. Kila mwezi nilimletea vidonge vyake, yeye akavimimina kwenye kopo la maziwa ya unga lililowekwa juu ya kabati. Akawaambia wanawake wa jumuiya, "Binti yangu ameniwekea magoti mapya." Ilinifurahisha sana kauli hiyo. Nami niliirudia dukani kwa wateja. Mambo yakaenda hivyo miaka miwili na ushee.

Wa kwanza kuona kwamba kuna kitu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu, anayeishi na mama kiwanja kimoja. Ni mwanamke wa darasa la saba kama nilivyokuwa mimi, ila yeye alibaki. Tunataniana kwa sababu ni mawifi, na mara nyingine utani wetu una miiba. Siku moja alipita dukani na kikapu cha mboga, akaegemea kaunta.

"Wifi, nimekuja kukuambia. Mama ana mimba."

"Mimba ya nani tena?"

"Hajasema. Lakini anakula udongo wa kichuguu. Jana nimemkuta nyuma ya banda la nguruwe, anatafuna kama korosho, mdomo mwekundu. Nimemwuliza, mama, unakula nini, akasema hali kitu."

Nilicheka mpaka mteja akageuka. Wifi hakucheka nami hadi mwisho.

"Na akipandisha kutoka bondeni anapumzika mara tatu."

"Ni umri huo."

"Umri gani unaingia mwezi mmoja? Mwezi wa nne alikuwa ananiacha nyuma."

Mtu anayetamani udongo huenda amepungukiwa na damu. Hilo nalijua, na wifi alipoondoka nililikumbuka. Jioni ile nilikwenda Mshangano, nikavuta kope za mama chini, nikaona weupe. Nikatazama viganja vyake, navyo hivyo hivyo. Nikampima malaria, hana. Nikampa dawa ya minyoo, na vidonge vya kuongeza damu. Nilifanya kila kitu ambacho mtu wa cheti changu angefanya, isipokuwa kimoja tu: sikujiuliza damu inakwenda wapi. Niliona imepungua, nikaiongeza, kama mtu anayejaza ndoo bila kuangalia chini yake.

Baada ya wiki tatu hivi mama aliniambia jambo, na aliliambia akiwa amenipa mgongo, anachambua maharage, kwa kuwa kwetu mama hamwelezi mwanawe habari za choo uso kwa uso.

"Choo changu kimekuwa cheusi. Kama masizi ya chungu."

"Ni vidonge vya damu, mama. Vinafanya hivyo kwa kila mtu."

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Kilianza kabla ya hivyo vidonge vya damu."

"Hukuangalia vizuri."

"Na tumbo linaninyonga. Hapa, chini ya kitovu. Nikila kande ndiyo zaidi."

"Acha kande kwa muda. Mama, nani aliyesoma hapa?"

Akacheka kidogo. "Wewe," akasema, na tukazungumza mambo ya mahindi.

Ni kweli kwamba madini ya chuma hufanya choo kuwa cheusi. Hakuna mwalimu atakayenikosoa kwa hilo. Lakini choo kinachokuwa cheusi kabla ya dawa ya damu ni damu yenyewe, imepita njia ndefu na kuoza njiani. Mama alinipa jibu likiwa limechambuliwa kabisa kama maharage yake. Mimi nililirudisha.

Alianguka wakati wa mavuno, siku ya baridi kali yenye jua. Alikuwa akivunja mahindi na wifi. Wifi anasema hakuanguka kwa kishindo, alikaa tu chini katikati ya mabua kama mtu aliyechoka, akaegemea gunia, na alipoitwa hakuitika. Kaka yangu alimbeba mgongoni hadi barabarani. Bajaji iliponipitia Mjimwema, mama alikuwa ameshafumbua macho, lakini midomo yake ilikuwa na rangi ya unga.

Hospitalini walimpima, wakasema damu yake imebaki kama theluthi ya inayotakiwa. Kaka yangu alitoa damu, nami nikatoa, na nilipokuwa nimelala pale nikiangalia mfuko ukijaa, nilijidanganya kwamba sehemu yangu nimeshaifanya. Daktari wa wodi alikuwa kijana mpole. Alisoma jina la duka kwenye koti langu, akaniuliza nimesomea wapi, nikamweleza kirefu kuliko alivyouliza. Akamgeukia mama akasema, "Kumbe una mtaalamu nyumbani. Sisi hapa tutakuja kuomba ushauri kwake." Mama akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile.

Hapo ndipo alipouliza kuhusu dawa. Nimeshaeleza nilivyofanya.

Nilijiambia kwamba hata nikisema haitasaidia. Nilijiambia kwamba dawa zangu zina ganda, na juu yake kuna omeprazo, na kwa hiyo mlango ule nilishaufunga mwenyewe, waangalie mingine. Niliyaamini hayo nusu. Nusu nyingine ilikuwa inaona fremu ya kioo ukutani, na mbele yake wateja wakiingia na kusema, ndiye huyu aliyemlisha mama yake sumu.

Wiki ile alikuwepo mjini daktari bingwa wa magonjwa ya tumbo, mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, aliyekuja kwa siku chache kutoka nje ya mkoa na mashine yake ya kamera. Siku ya pili walimpitisha mama mpira mwembamba kupitia mdomoni hadi tumboni. Nilisubiri nje ya mlango. Daktari bingwa alipotoka alisema, "Tumbo ni safi. Hakuna kidonda hata kimoja."

"Nilijua," nikasema.

Nimekwisha kusema maneno mengi ya kujisifu maishani, na mengi sijutii. Hilo moja ningelirudisha kooni.

Alinitazama. "Ulijuaje?"

"Hajawahi kulalamika kiungulia."

"Hm." Akavua glavu. "Basi damu inatokea chini zaidi. Hatumii dawa za maumivu? Za magoti, za mgongo? Wazee wengi wanatumia."

Mlango ulikuwa wazi na mama alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho wazi. Alitusikia. "Situmii, daktari," akasema kabla sijafungua mdomo. Nami nikaufunga.

Daktari bingwa akaeleza kitakachofuata. Keshokutwa atamwingizia kamera kupitia chini. Lakini utumbo mwembamba ni mrefu, alisema, na kamera hiyo inafika mwisho wake tu, inaweza ikakosa kuona. Ikikosa, daktari wa upasuaji atalazimika kufungua tumbo atafute, kwa sababu katika umri huo, damu isiyojulikana inakotoka, wanaogopa uvimbe. Na yeye ataondoka Ijumaa. Niliuliza kama mama ataweza kustahimili kisu akiwa na damu kidogo kiasi kile. Akasema hilo ndilo linalomsumbua, na kwamba kuna jambo lingine: wamemwongezea chupa mbili, na bado damu haipandi inavyotakiwa.

Kesho yake mchana wifi alileta uji. Tulikaa kwenye benchi la nje, upande wenye jua, ndugu wa wagonjwa wamejipanga kando yetu na mabakuli yao. Wifi akatoa kwenye kikapu kitu kilichofungwa kitenge, akakiweka kati yetu. Nilijua kabla hajakifungua. Lilikuwa kopo la maziwa.

"Nimelikuta nikimtafutia kanga za kubadilisha," akasema.

"Lirudishe nyumbani."

Hakuligusa. "Wifi, daktari ameuliza mara mbili. Ya kwanza nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda. Ya pili nilikuwa nyuma yako, na chupa ya maji. Wewe ulikuwa karibu kuliko mimi."

Nikalifunika kopo kwa kitenge.

"Mimi dawa sizijui. Ninajua zilianza lini, na ninajua mama alianza kuchoka lini."

"Kwa hiyo unadhani ndizo zilizomfanya hivi?"

"Sidhani kitu. Mwenye cheti ni wewe." Akasukuma kopo kidogo kwa kidole. "Nimpelekee mimi, au utapeleka wewe? Maana nikipeleka mimi nitasema vibaya, nitasema tu hizi hapa, zinatoka kwa wifi."

Nilifungua kopo ili nisimtazame. Ndani kulikuwa na vidonge kama kumi. "Mbona vichache hivi? Nilimletea vya mwezi mzima juzijuzi."

"Anagawa. Hukujua? Jumuiya nzima inatembea kwa magoti yako."

Mtu aliyekaa pembeni yetu aliacha kula, akasikiliza. Nikaliinua kopo, nikaenda.

Daktari bingwa alikuwa katika chumba kidogo, anaandika. Sikukaa. Nilisema, "Daktari, mama anatumia diklofenaki. Miaka miwili na zaidi. Ninampa mimi, kutoka dukani kwangu." Nilikuwa nimetayarisha na maelezo ya kufuata, yenye ganda na asidi, lakini yaligoma kutoka.

Hakuniinulia sauti. Aliuliza kipimo, nikamwambia. Aliuliza ni za aina gani, nikafungua kopo. Akachukua kidonge kimoja, akakigeuza kwenye mwanga.

"Na omeprazo umempa?"

"Kila asubuhi."

Akageuza karatasi, akachora tumbo kama kibuyu, kisha chini yake mstari mrefu unaojikunja. "Ganda limefanya kazi yake vizuri kabisa. Limekivusha kidonge hapa juu, kikaenda kufungukia huku. Omeprazo nayo imelinda hapa juu. Huku chini haina cha kulinda, kwa sababu huku hakuna asidi ya kupunguza. Na dawa ikishaingia kwenye damu, inadhoofisha ngozi ya ndani ya utumbo wote. Umelilinda tumbo, utumbo ukabaki peke yake." Akaweka kalamu chini. "Hata wenye shahada kubwa kuliko zangu na zako wanasahau hilo. Lakini wao nawauliza, wananijibu."

Nikasema ndiyo.

"Tangu alazwe ameziacha, si ndiyo?"

"Ameziacha," nikasema. "Kopo lilikuwa nyumbani."

Alisimama, tukaenda wodini. Mama alikuwa ameketi, wifi akimnywesha uji. Daktari bingwa aliinama, akamshika mkono. "Shikamoo mama. Vile vidonge vya kahawia vya binti yako, unavyo hapa?"

Mama akaniangalia. Safari hii sikuangalia dripu. Nilisema, "Mwambie, mama. Nimeshamwambia."

Akafungua fundo kwenye pindo la kanga yake. Vilikuwa vinne. "Kingine nimekunywa asubuhi," akasema. "Kitanda hiki kinaumiza magoti."

Kwa siku tatu wauguzi walikuwa wakimmiminia damu kwa juu, damu ya kaka yangu na ya kwangu, na mama alikuwa akimeza kidonge changu asubuhi na jioni chini ya kanga. Daktari bingwa alipokea vile vinne mkononi, akavitia mfukoni. Hakunitazama, na nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Siku iliyofuata kamera ilipita kupitia chini, na sasa walijua wanatafuta nini. Mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapoungana na utumbo mpana, waliona vidonda vitano. Daktari bingwa alinionyesha picha: ukuta wa rangi ya waridi, na juu yake madoa meupe yenye kingo nyekundu, mawili makubwa kama ukucha wa kidole gumba, moja bado linavuja. Alichukua vipande vya kupima, ili kuhakikisha si kifua kikuu cha utumbo wala kansa, na majibu yaliporudi baadaye hayakuwa na lolote kati ya hayo. Uvimbe haukuwepo. Habari ya kisu ikafutwa.

Matibabu yenyewe yalikuwa mepesi mno, na wepesi wake ulinichoma. Acheni dawa ile, na zote za jamaa yake. Chupa moja zaidi ya damu. Madini ya chuma, kwa miezi kadhaa. Kwa magoti apewe parasetamo kwa kiasi, akandwe kwa maji ya moto, na apelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Vidonda vya namna hii vingi hupona vyenyewe ukiondoa kinachovichimba. "Lakini vile viwili vikubwa vitaacha kovu," daktari bingwa alisema, "na kovu la utumbo linaweza kujikaza, likabana njia. Akianza kuvimba tumbo, akitapika, akinyongwa kila akila, usimpe kitu kutoka dukani. Mlete."

Damu ilianza kupanda siku ya tatu baada ya kufungua lile fundo la kanga. Mama aliomba samaki. Kabla ya kuruhusiwa kutoka nilimkalisha kwenye lile benchi lenye jua, nikamfunika miguu kwa blanketi, nikamwuliza.

"Mama, kwa nini ulisema hutumii dawa?"

"Dawa ni ya hospitali," akasema. "Mtu anaumwa, anakwenda, anapewa. Zile zako si dawa. Zile ni matunzo ya mwanangu."

"Lakini uliniangalia kwanza."

"Nimwangalie nani? Nyumba nzima, wewe ndiye unayejua." Akavuta blanketi. "Uji umebaki?"

Uji ulikuwa umebaki. Sijui hadi leo kama alisema alichoamini, au kama aliona macho yangu yamekimbilia kwenye dripu akaamua kunifunika, kama alivyonifunika nilipokuwa mdogo nikivunja vyungu vya watu. Nimejaribu kumwuliza tena. Hunijibu kwa kunituma kitu jikoni.

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi asubuhi, kila wiki kwa nyumba moja. Zamu ya nyumba yetu ilifika mama akiwa na wiki tano nyumbani. Usoni rangi ilikuwa imerudi, ingawa tumbo bado lilikuwa likimnyonga mara mojamoja, na kila liliponyonga mimi nilikuwa nikiacha nilichoshika. Siku mbili kabla, alinipigia simu dukani.

"Uje uwaambie wenzangu. Mimi niliwapa, lakini kueleza siwezi."

"Nitakuandikia karatasi, wifi awasomee."

"Njoo wewe," akasema.

Walikuwa wanawake wanane na mzee mmoja. Baada ya sala nilisimama penye sakafu yangu ya saruji, chini ya bati langu la bluu. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa, na mstari ule unaojikunja niliuchora kwa kidole hewani. Nilisema vidonge ni vyangu, nilivichagua mimi, na vimemtoboa mama utumbo. Nilisema anayevitumia kila siku aviache leo.

Bibi mmoja aliyeolewa hapa kutoka Madaba, mwenye ulimi wa kukata kuni, akainua mkono. "Mwaka jana ulipita nyumbani kwangu. Ulisema hizi za mama yako zina ganda, haziumizi tumbo."

"Nilisema, bibi. Na tumbo haziumizi sana. Zinaumiza mbele yake."

"Sasa tumsikilize nani? Yule wa mwaka jana, au huyu wa leo?"

"Huyu wa leo."

"Huyu wa leo ana cheti kingine?"

Wakacheka, na wifi akacheka kuliko wote. "Ni kile kile, bibi," nikasema.

"Haya." Akaanza kufungua pindo la kanga. "Na magoti je? Magoti nayo umekuja kuyaambia yaache?"

Niliwaambia habari za parasetamo na maji ya moto na mazoezi, na niliona nyusoni mwao kwamba hiyo si sawa na kuinuka asubuhi bila kushika ukuta. Hata hivyo vidonge vikatoka, kimoja kimoja, vikaingia kwenye kopo la maziwa lililokuwa likipita mkono kwa mkono. Mzee akatoa vyake kwenye kofia.

Kopo lilipomfikia jirani wa mama, mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alilipitisha bila kuweka kitu. "Mimi vyangu nimemaliza," akasema. Mkono wake ulikuwa juu ya fundo la kanga.

Wengine walipotoka kwenda kunywa chai, nilimfuata na kumkalia karibu, nikiwa nimegeukia ukuta, sikumtazama usoni. Nikamwuliza choo chake kikoje.

Alimwangalia kwanza mama yangu. Mama alikuwa mlangoni, ameshika birika.

"Mwambie," mama akasema.

Jumatatu asubuhi tulipanda bajaji, mimi na yeye. Duka nililifungia. Kijana yule wa wodi alitupokea, akachukua kalamu, akamwuliza mjane kama kuna dawa yoyote anayotumia nyumbani. Nilijibu mimi, kabla hajageuza macho.